Eda ya Mama Yetu Katika Nyumba ya Msituni

Matanga huchukua siku tatu. Eda huchukua miezi minne na siku kumi. Katika siku zile tatu za mwanzo nyumba hujaa watu, masufuria hayatoki motoni, na kila anayeingia huja na neno la subira. Siku ya nne majamvi hukunjwa, waliotoka mbali huanza kuuliza habari za mabasi, na mjane hubaki na siku zaidi ya mia moja na ishirini mbele yake. Waislamu wengi wanaijua hesabu hii kwa kuwa wameisoma au wameisikia darasani. Walioikaa pamoja na mjane hadi ikatimia ni wachache. Tunaandika haya kwa ajili ya familia ambazo huenda zikafikiwa na jambo hili kesho, kwa kuwa sisi lilitufikia mwaka 1446 Hijria, katika nyumba iliyo mwisho wa njia, pembezoni mwa msitu wa Mlima Rungwe.

Nyumba ya mwisho wa njia

Sisi ni wakazi wa Tunduma, mume na mke na watoto watatu. Mji wetu ni mlango wa Zambia. Malori yanayopeleka mizigo Zambia na Kongo hupanga foleni usiku na mchana, na hata baada ya kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde kuzinduliwa mwaka 2019, vumbi na moshi havijatuhama. Watoto wetu wamezaliwa katika mlio wa honi. Wanajua bei ya kwacha kabla ya kujua jina la mti wowote.

Baba yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu, aliishi maisha mengine kabisa. Alitoka pwani akiwa kijana, akapata kazi ya ulinzi wa misitu, akapelekwa Rungwe na hakuondoka tena. Huko alimwoa mama yetu, mzaliwa wa mlima uleule, aliyesilimu kabla ya ndoa yao. Nyumba yao ni ya matofali ya kuchoma na mabati, yenye vyumba vitatu, baraza upande wa mashariki, na jiko lililojengwa kando. Mbele yake kuna migomba na kiraba cha mahindi. Nyuma yake, baada ya mtaro na vichaka vichache, msitu unaanza. Kutoka Tunduma mtu hupita Vwawa, Mlowo na Mbeya, hugeuka kusini pale Uyole kufuata barabara ya Tukuyu, kisha hushuka njiani na kupanda kwa bodaboda mpaka njia inapokoma. Kipande cha mwisho ni cha miguu.

Baba alifariki katika nyumba hiyo tarehe 20 Ramadhani, baada ya Alasiri, akiwa na mama peke yake. Maziko yalifanyika siku ya pili. Usiku wa tatu ndugu watano tulikaa barazani, na swali likawa moja: mama atakaa wapi?

Kaka yetu mkubwa, anayeishi Mbeya, alitaka mama aondoke naye kesho yake. Sababu zake zilikuwa za mapenzi. Mama amepita miaka sabini, ana shinikizo la damu, baridi ya mlima ni kali, zahanati iko mbali, na usiku hapana jirani anayeweza kusikia akiitwa. Dada zetu wawili walimuunga mkono. Ilitulazimu, kwa kuwa katika ndugu watano ni sisi wa Tunduma tuliopita chuo cha Kiislamu, kueleza yale tuliyofundishwa.

Qur'ani Tukufu, katika Suratul Baqara aya ya 234, imeuweka muda wa mjane kuwa ni miezi minne na siku kumi. Ama mahali pa kuukaa muda huo, wanazuoni wengi wamelitegemea tukio la Furay'ah binti Malik. Mumewe aliuawa alipokwenda kuwafuata watumwa wake waliotoroka. Nyumba aliyomwacha ndani yake haikuwa mali yake, wala hakumwachia matumizi. Alipomwendea Mtume (S.A.W.) kuomba arudi kwa jamaa zake, kwanza aliruhusiwa, kisha akaitwa tena na kuagizwa akae katika nyumba yake mpaka muda utimie. Akakaa. Baadaye Sayyidna Uthman (R.A.) alimuuliza habari hiyo na akahukumu kwayo.

Kaka aliuliza swali ambalo kila mwenye huruma angeuliza: "Na dharura je?" Dharura ipo, na wanazuoni wameitaja. Mjane anayehofia nafsi yake, au mali yake, au nyumba inayotaka kuporomoka, huhama wala hana dhambi. Lakini tulipozihesabu hofu zetu moja moja, tuliona kwamba nyingi zingeondoka kama pangekuwa na mtu wa kulala ndani ya nyumba ile. Hofu inayoondoka kwa mtoto kuhamia kwa mzazi wake ni vigumu kuiita dharura ya kumhamisha mzazi. Tulipomuuliza mama mwenyewe, alijibu kwa maneno machache: "Nimeachwa hapa. Nitamaliza hapa."

Basi tukagawana miezi. Shawwal alikaa dada wa Kyela. Dhul-Qaada alikaa mke wa kaka. Dhul-Hijja tulipewa sisi, siku kumi na nne baada ya Idd, kwa kuwa shule zingekuwa zimefungwa. Baada yetu angekuja mdogo wetu kutoka Dar es Salaam mpaka mwisho. Tuliwasili tarehe 13 Dhul-Hijja tukiwa na watoto watatu, magodoro mawili na gunia la mchele. Wiki ya pili mdogo wetu alipiga simu kusema mwajiri wake ameifuta likizo yake. Zamu yake ikawa yetu, na siku kumi na nne zikawa karibu wiki saba.

Majuma ya ukungu

Juni na Julai kule ni miezi ya kipupwe. Asubuhi ukungu huteremka kutoka msituni, ukaifunika migomba, ukaingia hadi barazani, na mtu aliyesimama hatua ishirini haonekani. Jua hutoka saa nne na kuondoka mapema. Usiku watoto walilala wamevaa sweta na soksi. Siku za kwanza walikuwa wakiuliza kila saa ni lini tutarudi nyumbani, kwani umeme ulikuwa wa taa moja ya sola na mtandao wa simu ulipatikana kwenye jiwe moja tu lililo juu ya shamba.

Usiku wa kwanza kulikuwa na kelele. Kutoka msituni ulipanda mlio kama wa mtu anayekabwa, ukaanza taratibu, ukapaa, ukakatika, kisha ukajibiwa na mwingine upande wa pili wa bonde. Mwanetu wa pili alilia. Bibi yake alimwita kitandani akamweleza kwamba huyo ni perere, mnyama mdogo asiyemzidi sungura kwa kimo, anayekaa kwenye mapango ya miti na kuitana na wenzake gizani. "Babu yako alikuwa akisema huyu ndiye muadhini wa usiku," alimwambia. Usiku wa tatu mtoto alikuwa akiihesabu milio hiyo mpaka anasinzia.

Maneno yale ya bibi yalileta jambo jingine. Msikiti wa karibu uko mbali, sauti yake haifiki. Kwa miaka yote baba alikuwa akisimama barazani kwake, mwelekeo wa Kibla, na kuadhini sala tano, hata kama watakaosali ni yeye na mkewe. Tangu azikwe, adhana ya Alfajiri ilikuwa ikisomwa na simu ya aliyekuwa zamu. Wiki yetu ya kwanza mama alituomba jambo moja tu. Hakuomba dawa, wala blanketi. Aliomba mwana wetu wa kwanza, mwenye miaka kumi na moja, asimame pale alipokuwa akisimama babu yake. Mtoto huyu, ambaye Tunduma huadhiniwa na vipaza sauti vya misikiti mitatu kwa wakati mmoja na bado haamki, aliamka kila siku saa kumi na moja kasoro, akajifunga shuka ya babu yake, akaadhini ndani ya ukungu. Mama alikuwa akimjibu neno kwa neno kutoka chumbani kwake. Tulikuwa tukimsikia.

Inafaa tuseme hapa namna mama alivyoikaa eda yake, kwa sababu katika kazi yetu ya ukatibu wa kamati ya msikiti tunapokea maswali mengi kuhusu jambo hili, na mengi yamejengwa juu ya mila. Mama naye alikuwa ameambiwa na watu mbalimbali kwamba asijitazame kwenye kioo, asioge ila Ijumaa, asiutazame mwezi, asiongee na mwanamume hata kwa simu, na asitoke chumbani. Yote haya hayana asili katika sheria. Mjane huacha manukato, wanja, hina, vito na nguo za kujipamba. Huacha kuposwa waziwazi na kufunga ndoa. Na huacha kulala nje ya nyumba yake bila sababu. Kuoga, kuchana nywele, kuzungumza na watu kwa adabu, kupika, kucheka na wajukuu, yote ni halali yake. Mchana akiwa na haja hutoka. Mtume (S.A.W.) alimruhusu mama mdogo wa Jabir, aliyekuwa katika eda ya talaka, aende kuvuna tende zake, na wanazuoni wa madhehebu yetu ya Shafii wamempimia mjane juu ya hukumu hiyo. Kwa hiyo mama alikwenda kwenye migomba yake mchana, akakata majani ya ng'ombe, na Magharibi ilimkuta ndani.

Majirani wengi ni Wakristo wa Moravian. Kanisa hilo liko Rungwe tangu mwaka 1891. Mama mmoja wa jirani, mzee wa kanisa lake, ndiye aliyekuwa akimkamua ng'ombe wa mama tangu siku ya msiba na kuyapeleka maziwa kituoni kila asubuhi pamoja na yake. Fedha alizileta mwisho wa wiki zikiwa zimefungwa kwenye kipande cha kitenge, bila kupungua hata shilingi. Watoto wetu walijifunza kumwambia "ndaga fijo" na kumshikia kibuyu kwa mikono miwili. Tuliyaona haya na tunayashuhudia, kwa kuwa haki ya jirani si somo la mimbarini peke yake.

Mnyama aliyejulikana kabla ya kuandikwa

Watoto walipozoea, nyumba iliwafundisha mambo ambayo sisi wazazi tusingeweza kuyafundisha. Walijua kwamba mianzi huota juu zaidi, kwamba mbega mweusi na mweupe hupenda kuota jua asubuhi kwenye matawi ya juu, kwamba minde ni swala mweusi wa misitu ya milimani, ambaye nyayo zake huonekana tope linapokuwa laini lakini mwenyewe haonekani. Mpaka wa msitu hawakuuvuka. Msitu wa Mlima Rungwe, mlima unaokaribia mita 3,000, umetangazwa kuwa hifadhi ya mazingira asilia tangu mwaka 2009, na kuingia ndani kunataka kibali. Babu yao aliulinda mpaka huo maisha yake yote. Isingependeza wajukuu wake wauvunje katika eda yake.

Habari waliyoipenda kuliko zote ni ya kipunji. Wazee wa Kinyakyusa wa mlima ule, hasa wawindaji wa zamani, walikuwa wakimsimulia kima mwenye haya anayekaa juu ya miti, mwenye nywele zilizosimama utosini. Kwa kuwa katika masimulizi yao wanyama wa kweli na wa ngano walichanganyika, waliosoma walimweka pamoja na wa ngano. Mwaka 2003 watafiti wa Shirika la Uhifadhi wa Wanyamapori, lijulikanalo kama WCS, wakiongozwa na Tim Davenport, waliyafuata masimulizi hayo na wakamwona kwa macho. Habari ilitangazwa kwa ulimwengu mwaka 2005. Mwaka 2006 wanasayansi wakaamua kwamba hafanani vya kutosha na kima mwingine yeyote, wakampa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, yaani kima wa Rungwe. Zaidi ya miaka 80 ilikuwa imepita bila jenasi mpya ya kima kupatikana Afrika. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilikadiria kuwa wote waliosalia ni kiasi cha 1,100 tu, katika misitu ya Rungwe na Livingstone iliyopakana na Kitulo, na wachache Ndundulu katika milima ya Udzungwa.

Mama alipowasimulia watoto haya alicheka. "Baba yenu mzee alipoambiwa wazungu wamemgundua kipunji, aliuliza: kwani alikuwa amepotea?" Ilikuwa mara ya kwanza tangu Ramadhani kumsikia akicheka kwa sauti.

Walimwona siku moja tu, katika wiki ya tano, asubuhi. Wawili walitokeza ukingoni mwa msitu karibu na mahindi, rangi ya kahawia iliyochanganyika na kijivu, uso mweusi, nywele zimesimama kichwani kama shungi, mkia mrefu unaokwisha kwa weupe. Walitazamana na watoto kwa muda ambao mtu angeweza kusoma Suratul Fatiha, kisha matawi yakatikisika wakaondoka. Watoto hawakuwa na simu mkononi, kwa hiyo hapana picha. Walikimbia kumwambia bibi yao, naye akawataka waeleze kila kitu kuanzia mwanzo, polepole, kana kwamba hajawahi kumwona maishani mwake.

Tuliwaza sana juu ya habari ya mnyama huyu. Wageni wa siku mbili tatu walikuwa wamepita Rungwe kwa zaidi ya miaka mia moja, wamisionari, maofisa, wapanda mlima, na hawakumwona. Aliyemjua ni aliyekaa. Ndivyo ilivyokuwa kwetu kwa mama. Kwa miaka kumi na mbili ya ndoa yetu tulikuwa tukija kwake siku mbili za Idd, tukila, tukipiga picha, tukiondoka na mkungu wa ndizi. Hatukuwa na nafasi ya kujua kwamba usiku huamka mara tatu, kwamba dawa za shinikizo la damu huzigawa nusu ili zifike mwisho wa mwezi, kwamba anajua sura kumi na nne za Qur'ani kwa kusikia tu kutoka kwa baba, wala hakuwahi kufundishwa kusoma. Haya hayaonekani katika siku mbili. Katika wiki ya tatu dawa zilianza kumezwa nzima, na binti yetu wa darasa la pili akaanza kumfundisha bibi yake alifu na be kwa mkaa juu ya ubao wa kuanikia maharage.

Gharama, na mtu aliyekuja kutazama shamba

Hatutaki msomaji adhani kwamba jambo hili halina bei. Riziki yetu ni duka la madaftari, vitabu na sare za shule hapo Tunduma, na soko la duka kama hilo ni siku zile shule zinapofunguliwa. Mwaka huo shule zilifunguliwa mapema Julai tukiwa bado mlimani. Shemeji yetu alilishika duka kwa uaminifu, lakini mzigo wa sare haukuagizwa kwa wakati, na mauzo yalikuwa kama nusu ya yale tuliyoyazoea. Shuleni tuliomba ruhusa kwa barua, tukapewa wiki mbili na nusu kwa sharti kwamba watoto wafanye mazoezi watakayotumiwa kwa simu. Kila asubuhi mmoja wetu alipanda kwenye lile jiwe la mtandao, akayanakili maswali kwenye daftari, na watoto wakayafanya juu ya meza ya babu yao. Kamati ya msikiti nayo ilifanya vikao viwili bila katibu wake. Naibu aliandika muhtasari, Mwenyezi Mungu amlipe.

Tuliyaona haya kuwa gharama kubwa hadi siku alipokuja mtu kutazama shamba. Ilikuwa wiki ya pili ya Muharram. Alikuja na pikipiki, mtu mstaarabu, amevaa buti, akasalimu vizuri. Alikuwa akitafuta eneo la kupanda parachichi, zao ambalo siku hizi linatafutiwa ardhi kila pembe ya Rungwe, na alikuwa amesikia kwamba mzee amefariki na nyumba "inahamwa". Alitaja kiasi cha fedha ambacho kingemaliza deni la duka letu na kubaki. Mama alikuwa ndani, nyuma ya pazia, akisikia kila neno.

Hapo ndipo tulipoelewa kitu ambacho vitabu vinakigusa kwa maneno mafupi. Wanazuoni wa Shafii wanasema mjane ana haki ya makazi katika nyumba ya mumewe mpaka eda iishe. Haki hiyo inapotamkwa darasani husikika kama kifungo kwa mwanamke. Katika nyumba ile ilikuwa ngome. Mama angekuwa ameshachukuliwa Mbeya mwezi wa Shawwal, mnunuzi angekuta mlango una kufuli, na nyumba tupu ni rahisi kuuzwa. Lakini alikuta moshi jikoni, watoto watatu uani na adhana ya Adhuhuri ikisomwa barazani. Alikunywa chai, akashukuru, akaenda zake.

Usiku ule tuliwapigia ndugu zetu simu kutoka kwenye jiwe, mmoja baada ya mwingine, tukakubaliana kwamba mirathi isingoje zaidi. Wengi wetu huyaahirisha mambo ya mirathi kwa kuona aibu, na aibu hiyo huzaa ugomvi wa miaka. Jumamosi iliyofuata ndugu wote walipanda mlimani. Deni la baba lilikuwa dogo, dukani na kwa fundi wa mabati, likalipwa kwanza. Wasia ulikuwa mmoja, kwamba misahafu yake ipewe madrasa. Kisha hesabu: mama, kwa kuwa mume ameacha watoto, ana thumuni, yaani sehemu moja katika nane, iliyobaki ni ya watoto, mwanamume sehemu mbili na mwanamke moja.

Thumuni ya nyumba ile ni kama jiko na nusu ya baraza. Sheria imempa kila mtu haki yake, wala hapana anayeweza kulazimishwa kuiacha. Kaka alianza: matumizi ya sehemu yake ni ya mama maadamu yu hai. Nasi tukasema vivyo hivyo, na mdogo wetu kwa simu. Dada wa Kyela alikuwa na ada ya mtoto ya kulipa, akasema wazi kwamba anahitaji fedha. Tulimshukuru kwa kusema kweli. Wazee wawili wa kijiji waliikadiria nyumba na shamba, kaka akainunua sehemu yake siku ileile. Tuliandika muhtasari, kama ilivyo ada ya makatibu, kila mmoja akatia saini, na nakala moja ikabaki kwa mama ndani ya mkoba wa misahafu.

Siku ya kutoka

Eda iliisha mwishoni mwa Muharram. Hatukufanya sherehe, kwa kuwa hapana ibada maalumu ya kutoka eda. Dada zetu walileta doti ya kanga, chupa ndogo ya mafuta mazuri na hina. Mama alioga, akavaa, akatoka mchana kweupe akashuka hadi njia kuu, mwendo wa nusu saa, kwa mara ya kwanza tangu Ramadhani. Huko alikwenda kumtembelea jirani yake yule wa maziwa na kukaa naye mpaka Alasiri. Kwanza alipita kaburini kwa baba, akasimama kidogo, akaomba dua.

Jioni tukamuuliza tena lile swali la usiku wa tatu, kwa kuwa sasa jibu lilikuwa lake peke yake na sheria haimfungi tena mahali. Alisema atakuja Tunduma mwezi wa Mfungo Sita akae siku ishirini, ayaone malori, kisha atarudi kwake. Kaka aliinama kidogo, halafu akachukua kalamu. Tukapanga upya: kila nyumba katika zile tano itakaa naye mwezi mmoja kwa zamu, na asiyeweza kuja mwenyewe atamtuma mtu wa kumlipa. Mpangilio huo unafuatwa mpaka leo, ingawa umeshabadilishwa mara mbili kwa sababu ya ugonjwa na safari.

Ndugu msomaji, huenda mama yako hakai msituni. Huenda anakaa Manzese, au Mbozi, au mtaa wa pili kutoka kwako. Akifiwa na mumewe, hesabu siku zake kwa mwezi mwandamo tangu siku ya kwanza na uziandike mahali ambapo kila ndugu ataziona. Panga ni nani atalala kwake katika kila wiki kabla ya majamvi kukunjwa. Muulize anayotaka mbele ya ndugu wote, wala usiulizwe wewe kwa niaba yake. Mirathi ifanywe mapema, kwa karatasi na saini. Mfundishe mambo ambayo eda haikumkataza, kwa maana ni mengi kuliko yale iliyomkataza. Na kama una watoto na shule zimefungwa, wachukue. Watalalamika siku tatu.

Mwezi huu ni zamu ya dada wa Vwawa. Sisi tumepangiwa Juni tena, na watoto wameshaanza kuuliza kama mahindi yatakuwa bado shambani, kwa sababu wanataka kujua kama wale wawili watarudi.

Wabillahi tawfiq.